Bald Bull alinipiga siku tatu, kumbe kosa ni la tivii

Nina daftari la zamani la shule ambalo ukurasa wake wa mwisho una namba iliyoandikwa kwa peni nyekundu: 007 373 5963. Wanaolikuta hudhani ni ya simu. Ni namba ya siri ya Punch-Out!!, gemu la ngumi la Nintendo la mwaka 1987. Ukiiandika pale mwanzoni, unawaruka wapinzani wote na kujikuta umesimama mbele ya Mike Tyson mwenyewe. Nilipoliona daftari lile wakati napanga makaratasi, vidole viliniwasha. Mashine yangu ya zamani ilishakufa, na kaseti zenyewe sijui ziliishia wapi, ila Nintendo Switch nilikuwa nayo, imekaa chini ya tivii.

Nikiri kwanza kwamba nilianza kwa njia ya mkato. Niliingia kwenye tovuti moja inayogawa magemu ya zamani bure, nikabofya, faili likashuka kwenye kompyuta. Lilikuwa na megabaiti zaidi ya 3, na jina lake liliishia na .exe, yaani programu ya kujiendesha kwenye kompyuta. Hapo nikashtuka. Super Mario Bros. ya 1985, yote kwa pamoja, pamoja na muziki na kasri zake zote, ni kilobaiti 40 tu. Picha moja uliyopiga kwa simu inaizidi mara nyingi. Gemu la enzi zile likija na megabaiti kadhaa na kukuomba ruhusa ya kujisakinisha, hilo si gemu. Nikalifuta bila kulifungua. Hata kama lingekuwa faili la kweli, wenye haki zao bado wapo na bado wanalitoa kwa malipo, kwa hiyo nikaamua kupitia mlango wa mbele.

Mlango wa mbele ulinichanganya kidogo, kwa sababu nilidhani nitaingia dukani, nitatafuta jina la gemu, nitalipia, nitapakua. Kuna magemu yanayouzwa hivyo, kwa mfano yale ya Arcade Archives ya kampuni ya Hamster, ambayo kila moja lina bei yake na ukishanunua ni lako. Ila ya NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, yanapatikana kwa uanachama wa Nintendo Switch Online, ulioanza Septemba 2018. Huko unapakua programu moja, bure, na ndani yake yamepangwa magemu kwa makumi, kila moja na picha ya boksi lake. Ya Super Nintendo yana programu yake, na ya Game Boy vivyo hivyo. Ukitaka ya Nintendo 64 lazima upande daraja la juu la uanachama. Nililipia lile la chini, na upakuaji ukaisha kabla sijamaliza kufungua pakiti ya betri za rimoti.

Nikalitafuta gemu langu. Lipo. Tyson hayupo.

Mahali pake amekaa mtu anaitwa Mr. Dream. Mkataba wa kutumia jina la Tyson ulipokwisha, Nintendo ilitoa toleo jipya mwaka 1990 lenye kichwa kingine juu ya kiwiliwili kilekile. Ngumi ni zilezile na kasi ni ileile. Nikaandika namba ya daftarini, ikakubali kama vile jana ndiyo niliyoitumia mara ya mwisho, na Mr. Dream akanilaza kabla sijameza mate. Hilo nililitarajia: katika sekunde 90 za mwanzo, kila ngumi yake ya chini kwenda juu ikikupata unakwenda chini. Nikasema basi, nianze mwanzo kama watu wengine, mkono ukae sawa.

Glass Joe, Mfaransa mwenye rekodi ya kushinda pambano 1 na kupoteza 99, nilimpiga. Asiyempiga Glass Joe aache. Lakini Von Kaiser alinisumbua, na Piston Honda akaniangusha mara mbili. Ajabu ni kwamba nilikuwa naijua kila dalili yao: nyusi za Honda zinavyocheza kabla ya ngumi, kichwa cha Kaiser kinavyotikisika. Dalili naziona, kitufe nabonyeza, ngumi inanikuta palepale.

Nikaanza kuiba. Programu hii ina kitu ambacho zamani tungekiita uchawi: unabonyeza vitufe vya ZL na ZR kwa pamoja, gemu linarudi nyuma sekunde kadhaa, unachagua pa kuanzia upya. Nikawa napigwa, narudisha, napigwa, narudisha, mpaka nikatokea kwa Bald Bull. Najua wapo wanaosema kurudisha nyuma ni kulidhalilisha gemu. Mimi naona ni sawa, mradi usiende kumsimulia mtu umeshinda.

Kwa Bald Bull wizi wangu ulifika mwisho. Huyu ana shambulio lake maarufu: anarudi nyuma hadi kwenye kamba, anainama, halafu anakuja akirukaruka kama fahali. Miruko mitatu. Ukimpiga ngumi moja ya tumbo wakati uleule anapokufikia, anaanguka hapohapo. Ukiwahi au ukichelewa, unaanguka wewe. Utotoni nilikuwa naweza kumpiga huku naongea na mtu, kwa sababu jicho halifanyi kazi hapo, ni mdundo tu. Tu, tu, tu, piga. Siku ya kwanza nilijaribu pengine mara arobaini. Siku ya pili nikajaribu kubonyeza mapema kidogo, nikampata mara moja, nikamkosa kumi. Siku ya tatu mpwa wangu alikuwa amekaa nyuma yangu anakula karanga.

“Mjomba, hebu nipishe nikuonyeshe,” akasema.

Nikampisha. Akapigwa. Akapigwa tena. Akanirudishia pedi na kusema gemu lenyewe bovu. Sitaficha kwamba nilifarijika, maana nilikuwa nimeshaamini kwamba tatizo ni umri wangu.

Ufumbuzi ulikuja kwa bahati. Dada yake alitaka tivii aangalie katuni, nami sikutaka kuacha. Nikaichomoa Switch kwenye kitako chake, nikakaa pembeni nikaendelea kuchezea mkononi kwenye skrini yake ndogo. Bald Bull akarudi kwenye kamba. Tu, tu, tu, nikapiga. Akaanguka kama gunia. Nikadhani ni bahati, nikarudia, akaanguka tena. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Katuni ilipokwisha nikairudisha mashine kwenye tivii. Mruko wa tatu, nikapiga, nikalala mimi. Mkono uleule, pedi zilezile, gemu lilelile.

NES huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inaishi karibu milisekunde 17. Tivii ya zamani, ile yenye kisogo, ilikuwa haina muda wa kufikiri: mawimbi yanaingia, mstari unawaka kwenye kioo palepale. Tivii ya siku hizi inaipokea picha nzima, inaiondolea chenga, inainoa, inaikuza, na nyingine hutunga hata picha za katikati ili filamu ionekane laini, ndipo inakuonyesha. Kazi yote hiyo inaweza kufikisha milisekunde 100 au zaidi. Kwenye filamu huwezi kujua, kwa sababu sauti nayo inacheleweshwa ili viende pamoja. Kwenye Punch-Out!! hizo ni picha sita. Mimi nikimwona Bald Bull kwenye mruko wa tatu, kwa mashine yeye ameshanipiga, na ngumi yangu ni salamu inayoitikiwa wakati mtu amekwishapita. (Ndiyo maana pia bunduki ya Duck Hunt, gemu la NES la kuwinda bata, haifanyi kazi kwenye tivii bapa: ilitegemea kioo cha zamani kuwaka papo hapo.)

Dawa yake ipo kwenye menyu ya picha ya tivii, na huitwa hali ya gemu. Ukiiwasha, tivii inaacha mapambo karibu yote na kuonyesha inachopewa. Hapa nilipoteza jioni nyingine nzima, kwa kuwa niliiwasha na hakuna kilichobadilika. Kumbe kwenye tivii yangu mpangilio huu unahifadhiwa kwa kila tundu la HDMI peke yake. Nilikuwa nimeuwasha nikiwa kwenye tundu la kwanza, Switch imechomekwa kwenye la pili. Nikabadilisha huku naitazama Switch yenyewe, picha ikapauka kidogo, rangi zikapoa, na Bald Bull akaanguka. Nilipiga kelele hadi watoto wakaja kuangalia kuna nini.

Haijawa kama mkononi kabisa, hilo niseme. Pedi isiyo na waya nayo ina uchelewaji wake mdogo. Lakini sasa mdundo wa zamani unafanya kazi, na nikipigwa ni haki yangu.

Umbo la picha nalo lilinisumbua. Programu inakupa namna tatu za kuonyesha: pikseli kamili, uwiano wa 4:3, na ile inayoiga mistari ya kioo cha zamani. Nilianza na pikseli kamili kwa sababu jina linavutia, nikaona Little Mac, bondia unayemchezesha, amekonda kama ametoka kuugua. Picha ya NES ni pikseli, yaani vidoti vya picha, 256 kwa 240, lakini kwenye tivii za wakati ule kila pikseli ilitanuka kidogo kwa upana, na waliochora walichora wakijua hivyo. Nikahamia 4:3, Mac akarudisha mwili wake. Ile ya mistari nilicheza nayo dakika tano, macho yakachoka. Na tafadhali usiiache tivii yenyewe ivute picha mpaka ijaze kioo chote. Uwanja wa ngumi unakuwa kama wa mpira.

Vitufe: kwenye pedi ya NES, B na A vilikaa bega kwa bega, kidole gumba kinalala juu ya vyote viwili. Kwenye Switch, A iko kulia na B iko chini yake kwa mshazari, kidole kikawa kinapotea kila raundi. Tangu 2020 mipangilio ya mashine inakuruhusu kubadilisha vitufe, kwa hiyo nimekifanya kitufe cha Y kiwe B, na cha B kiwe A. Ukiwa na mtu mwingine anayetumia mashine hiyohiyo, mwambie kabla hujabadilisha. Mimi sikumwambia mtu, nikasikia malalamiko kutoka sebuleni siku nzima.

Kwa wanaosafiri: magemu haya yanachezeka bila intaneti, ila uanachama lazima uhakikiwe mtandaoni ndani ya kila siku 7. Nikijua naenda pasipo na mtandao, naifungua programu usiku wa kuamkia safari, basi.

Mpwa wangu sasa anampiga Bald Bull bila kutazama. Amenakili namba ya daftarini nyuma ya kitabu chake cha hesabu. Na Mr. Dream bado hajaangushwa na yeyote humu ndani. Rekodi ya kudumu mbele yake ni yangu, dakika 1 na sekunde 52 za saa ya gemu, raundi ya kwanza, bila kurudisha nyuma.