Kutega kinu cha kahawa hadi espreso itoke ileile

Espreso haisamehi usagaji mbaya. Maji yanasukumwa kwa shinikizo la takriban baa 9 kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa, na kinachoyazuia yasipite mbio ni unga wenyewe. Tofauti ndogo ya usagaji, hata ile usiyoweza kuihisi kwa vidole, inaweza kuongeza au kupunguza sekunde 10. Kwa hiyo kama bajeti ni ya kugawanya, nashauri fungu kubwa liende kwenye kinu kuliko kwenye mashine ya espreso.

Kabla hujagusa pete ya kurekebishia usagaji, funga kwanza mambo mengine yote. Pima buni kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Vikapu vingi vya chujio, vile vinavyobeba unga kwenye mashine, vimetengenezwa kwa kiasi fulani, tuseme gramu 18. Usizidishe wala kupunguza zaidi ya gramu moja. Weka kikombe juu ya mizani vilevile. Pa kuanzia pazuri ni gramu 18 za unga, gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 hadi 30 tangu pampu iwashwe. Usikadirie kwa macho, kwa sababu buni zilizokaangwa karibuni hutoa povu jingi na kikombe huonekana kimejaa wakati uzito bado.

Anza na unga laini kidogo kuliko chumvi ya mezani, kisha utengeneze kikombe cha kwanza uone muda. Gramu 36 zikitoka kwa sekunde 17, saga laini zaidi. Zikichukua 45, rudi kwenye chembe kubwa kidogo. Kinu cha umeme kigeuzwe kuelekea laini huku mota inazunguka, maana punje zilizokwama kati ya meno ya kusagia yaliyosimama hubanwa, na pete ikilazimishwa kinu hukwama. Kuelekea kwenye chembe kubwa unaweza kugeuza hata kikiwa kimezimwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: ukishageuza pete, bado kuna unga wa zamani ndani, kwenye meno na kwenye mdomo wa kutolea. Saga gramu 3 hadi 5 uzitupe. Usipofanya hivyo kikombe kinachofuata ni mchanganyiko wa usagaji wa aina mbili, unadhani hakuna kilichobadilika, unageuza tena, na kile cha tatu kinaziba kabisa. Na kama kinu chako hupima kwa muda, kumbuka kwamba kikisaga laini hutoa unga kidogo zaidi kwa kila sekunde. Kila ukigeuza pete, pima upya na urekebishe muda, la sivyo utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo bila kujua.

Ukishaukaribia muda unaoutaka, achana na saa uutumie ulimi. Kahawa iliyo chachu, nyepesi, isiyokaa mdomoni, haijatolewa ladha ya kutosha. Iliyo chungu na kuacha ukakasi imetolewa kupita kiasi. Katika hatua hii mara nyingi hakuna haja ya kugusa kinu tena: ikiwa chachu, iache ifike gramu 40, ikiwa chungu, ikate kwenye 33. Kaanga nyepesi, yaani buni zilizokaangwa kidogo, kwa kawaida huhitaji usagaji laini zaidi na kinywaji kingi zaidi kuliko kaanga nyeusi, hivyo ukibadilisha buni usitegemee namba ya jana.

Kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini. Unasaga laini zaidi, lakini muda hauongezeki, au hata unapungua. Ukitumia mpini wa kushikia kikapu usio na midomo, ulio wazi chini ya kikapu, utaona sababu mwenyewe: badala ya matone kuanza kujitokeza sehemu zote na kukusanyika katikati kuwa uzi mmoja wa kahawia, mchirizi mwembamba unaruka pembeni, na doa jeupe-jeupe linatokea mapema upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado mkavu. Unga umekuwa laini mno, maji yameshindwa kupita kwa usawa, yakajipasulia njia pale palipo dhaifu. Kando ya njia hiyo kahawa imekamuliwa hadi uchungu. Kwingine imeguswa tu. Ndiyo maana kikombe cha namna hii huwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kurudisha pete kwenye chembe kubwa kidogo, hata kama saa inakwambia vingine.

Maandalizi ya kikapu nayo huchangia. Vuruga unga kwa sindano nyembamba, za takriban milimita 0.4, ukianzia chini kabisa hadi juu, ili kuvunja mabonge. Gonga mpini mara moja taratibu, kisha shindilia. Nguvu ya mkono haina uzito ambao watu huipa. Unga ukishabanwa hadi mwisho, kuongeza nguvu hakubadilishi mengi. Usawa ndio muhimu: uso ukiinama, maji hufuata upande mwembamba. Unga ukirukaruka na kunata kwenye kinu kwa umemetuli, changanya buni na tone moja la maji kabla ya kusaga.

Hata ukipata kipimo, hakitakaa. Buni huhitaji kupumzika baada ya kukaangwa, mara nyingi siku 7 hadi 14, ili gesi ipungue. Baada ya hapo, kadiri zinavyozeeka, espreso hutoka haraka zaidi, na utajikuta unasogeza pete kuelekea laini kidogokidogo hadi mfuko uishe. Unyevu wa hewa na joto la kinu baada ya kusaga mfululizo pia husogeza muda. Kupishana kwa sekunde 2 au 3 ni kawaida, usigeuze chochote.

Meno yasafishwe kwa brashi kavu kabla mafuta ya kahawa hayajaganda na kuoza. Usiyaoshe kwa maji, meno ya chuma hushika kutu. Unapoyarudisha, toa kila chembe ya unga kwenye nyuzi za skrubu na chini ya jino, kwa sababu chembe moja tu hulifanya likae mshazari na kusaga bila usawa. Kisha tafuta upya sifuri: kinu kikiwa kitupu na kinazunguka, sogeza pete polepole hadi usikie meno yanaanza kugusana, rudi nyuma papo hapo, uandike namba. Vipimo vyako vyote vihesabiwe kutoka hapo, si kutoka kwenye namba uliyokuwa nayo kabla ya kukifungua.