Nilivyopima warushaji wa besiboli wa Boston na wa New York kwa daftari la zamu

Nilifika Massachusetts Septemba 2003. Mwezi mmoja baadaye nilipanda basi asubuhi pale Lowell nikadhani kuna msiba. Dereva hakuitikia salamu, mama mmoja alikuwa anafuta macho, na basi zima kimya. Nilipofika kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee, ndipo nikaambiwa: usiku wa kuamkia siku ile Aaron Boone wa timu ya besiboli ya New York Yankees alipiga homurani, yaani pigo la kuupeleka mpira hadi kwenye viti vya watazamaji, katika raundi ya 11 ya mechi ya saba na ya mwisho, Boston Red Sox wakatolewa. Mimi nimekulia kwenye Simba na Yanga, nimeona watu wazima wakisusa chakula kwa ajili ya mpira, kwa hiyo kilio sikukishangaa. Nilichoshangaa ni kwamba aliyelaumiwa zaidi hakuwa Tim Wakefield, aliyeurusha mpira ule. Alikuwa kocha, kwa kumwacha Pedro Martínez aendelee kurusha wakati mkono umeshachoka.

Mkono umechoka? Mchezo gani huu?

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa zamu, jamaa wa Jamhuri ya Dominika aliyekulia Bronx, shabiki wa Yankees wa kufa na kuzikana. Kumrushia mpigaji mpira kwa nguvu zile, mara mia moja kwa siku moja, kunaumiza bega na kiwiko. Kwa hiyo kila timu inakuwa na watu watano wa kuanza mechi. Leo anaanza huyu, kesho yule, na kila mmoja akishaanza anapumzika siku nne hivi kabla zamu yake haijarudi. Akichoka katikati ya mechi wanaingia wa akiba. Hapo besiboli ikaniingia akilini kwa mara ya kwanza, maana hiyo ni ratiba ya zamu, na ratiba ya zamu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Msimamizi alikuwa ameniachia daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Mwaka uliofuata tulibishana kuanzia majira ya kuchipua. Boston walikuwa wamemchukua Curt Schilling kutoka Arizona ili asimame na Pedro. Yankees walikuwa wamepoteza watatu kwa mkupuo: Roger Clemens na Andy Pettitte walikwenda Houston, David Wells akaenda San Diego. Wakajaza nafasi kwa Javier Vazquez kutoka Montreal na Kevin Brown kutoka Los Angeles. Mwenzangu alidai hawa wapya ni bora kuliko walioondoka. Mimi nilidai Boston wanawazidi. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila sauti.

Msimu wa kawaida ulipoisha, Oktoba 3, 2004, Yankees walikuwa wameshinda mechi 101 na Boston 98, na wote wawili walikuwa wanaendelea hatua ya mtoano. Tukawekeana dau: tulinganishe zamu za warushaji wa timu hizi mbili kwa karatasi, kabla hawajakutana, na atakayeshindwa amfanyie mwenzake zamu ya Krismasi. Mwamuzi tulimpata chumba cha mwisho kwenye korido. Alikuwa mzee aliyewahi kufundisha hesabu, naye hakuwa upande wowote. Timu yake ya utotoni ilikuwa Boston Braves, iliyohama kwenda Milwaukee mwaka 1953 na baadaye Atlanta. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita na alikuwa bado anaishabikia hukohuko ilikohamia. Red Sox kwake walikuwa majirani wenye kelele.

Karatasi yangu ya kwanza niliiandika kama anavyoandika kila mtu: Schilling mbele ya Mike Mussina, Pedro mbele ya Brown, wa tatu kwa wa tatu, mpaka wa tano. Mzee aliisoma akanirudishia.

“Kijana, wewe ndiye unayepanga zamu hapa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Ukitaka kujua wodi ipi ina wafanyakazi wazuri, unaanza na nini? Na majina?”

Nikanyamaza. Hapana, sianzi na majina. Naanza na nani alikuja. Kila anayepanga ratiba anajua kuna muuguzi hodari kuliko wote ambaye wiki mbili kwa mwezi simu yake haipatikani, na pengo lake analiziba mtu wa kukodiwa asiyejua hata stoo ya shuka iko wapi. Ukipima wodi kwa yule hodari peke yake, umempima mtu ambaye nusu ya mwezi hayupo.

Usiku ule nikachukua magazeti ya wiki nzima kutoka chumba cha kupumzikia, nikafungua ukurasa wa takwimu zenye herufi za kuumiza macho, nikachora jedwali kwenye daftari la zamu. Msimu una mechi 162, kwa hiyo nikachora nafasi 162 kwa kila timu na kuuliza kila nafasi ilijazwa na nani.

Boston: Pedro mara 33, Derek Lowe 33, Schilling 32, Wakefield 30, Bronson Arroyo 29. Jumla 157. Nafasi tano tu katika msimu mzima ndizo zilizokwenda kwa watu wengine. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Yankees: Vazquez 32, Mussina 27, Jon Lieber 27, Brown 22, José Contreras 18. Hao watano wanafanya 126, na huyo Contreras alikuwa ameshauzwa Chicago mwishoni mwa Julai, wakabadilishana na Esteban Loaiza. Orlando Hernández alianza mara 15 kwa sababu bega lilimchelewesha hadi Julai. Waliobaki nikawa naokota mmoja mmoja, huyu mbili, yule tatu, hadi nafasi 162 zikajaa kwa majina 12. Brown, kwa mfano, mgongo ulimsumbua katikati ya msimu, na aliporudi alikasirika siku moja ya Septemba akapiga ukuta ngumi na kuvunja mkono wa kushoto. Anarushia wa kulia, ashukuriwe Mungu, lakini wiki tatu zilikwenda. Kwetu kazini anayepiga ukuta anapewa barua.

Baada ya kujua nani alikuja, ndipo nikauliza alifanya nini. Mwenzangu alikuwa ameandika ushindi: kila mrushaji huandikiwa mechi alizoshinda na alizopoteza. Vazquez 14, Lieber 14. Nami ningeweza kumjibu kwa Lowe, 14 vilevile, lakini mzee aliipiga mstari safu nzima ya ushindi. Wapigaji wa Boston walifunga mara 949 msimu ule, akasema, ukiwa na watu wa namna hiyo nyuma yako hata mimi ningeshinda mechi mbili tatu.

Tukabaki na vitu vinne ambavyo mrushaji anavishika mwenyewe: alimaliza raundi ngapi, aliwatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa mara tatu kuupiga mpira ipasavyo, aliwapa wangapi beisi, kile kituo cha kukimbilia, ya bure kwa kukosa shabaha, na alipigwa homurani ngapi. Kando tukaweka wastani wa alama anazofungwa kwa kila raundi tisa, ule wanaouita ERA, ambao ukiwa mdogo ndio mzuri.

Schilling: raundi 226 na ushee, aliowatoa kwa straiki 203, beisi za bure 35, wastani 3.26. Pedro: raundi 217, aliowatoa kwa straiki 227, wastani 3.90, mbaya kwa mtu kama yeye lakini bado juu ya karibu kila mtu. Kwa Yankees hakukuwa na mmoja aliyefika raundi 200. Vazquez ndiye aliyekaribia, 198, ila alipigwa homurani 33 na wastani wake ukawa 4.91. Mussina 4.59, Brown 4.09 kwa raundi 132 tu. Hernández alikuwa mzuri mno, ameshinda 8 na kupoteza 2 kwa wastani wa 3.30, ila ndiyo hivyo, mara 15. Aliyenishangaza ni Lieber. Mwaka 2003 mzima hakucheza kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, na sasa katika raundi 176 alikuwa ametoa beisi za bure 18. Nilimwandikia nyota pembeni, ingawa alikuwa wa wapinzani.

Shida yangu ilikuwa Lowe. Wastani wake ulikuwa 5.42, mbaya kuliko wa mrushaji yeyote wa kudumu kati ya timu zote mbili, ukimwondoa Contreras, na mwenzangu alikuwa akiuimba korido nzima akisukuma mkokoteni wa chakula. Mzee hakunipa jibu, alinipa swali: alipigwa homurani ngapi? Kumi na tano. Nusu ya za Vazquez, na chini yake. Basi alama nyingine zilitoka wapi? Lowe hurusha mpira unaozama, wapigaji wanauchapa ardhini, na mpira wa ardhini ni mali ya wadakaji wa ndani. Boston walianza msimu na wadakaji wazito. Julai 31 walimuuza Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji, wakawaleta Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, watu wa kudaka. Kwa hiyo ile 5.42 ilikuwa na mkono wa Lowe ndani yake na mikono ya wengine pia. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kuna fomula kabisa ya kutenganisha hayo mawili, inayozidisha homurani kwa 13, beisi za bure kwa 3, kisha inatoa waliotolewa kwa straiki mara 2. Mzee aliifanya kwa macho, miwani ikiwa imefungwa plasta.

Wakefield sikujua nimweke wapi, na sijui mpaka leo. Alikuwa na miaka 38, anarusha mpira wa polepole usiozunguka, unaoyumba kama mlevi anayetafuta mlango. Wastani wake 4.87. Nikaandika “anakuja kazini” nikapita.

Mzee alitoa hukumu Oktoba 11, usiku kabla ya mechi ya kwanza: Boston. Alisema tofauti haiko kwa wawili wa juu, ambako kila mtu anatazama. Iko kwa wa nne na wa tano, kwa sababu pale Boston waliweka Wakefield na Arroyo na Yankees waliweka yeyote aliyepatikana. Halafu akamgeukia mwenzangu akamwambia asife moyo, kwani katika mechi saba za mtoano wa tano hana kazi, na timu yako imeshinda 101 na zamu mbovu, maana yake ina wapigaji, na ina Mariano Rivera, mrushaji wa kufunga mlango mwishoni mwa mechi.

Kesho yake Schilling, ambaye kifundo cha mguu kilikuwa kimemwachia, alifungwa sita katika raundi tatu. Yankees wakashinda 10 kwa 7. Mechi ya pili Lieber, yule mwenye nyota yangu, akamzidi Pedro 3 kwa 1, uwanja mzima wa Bronx ukimwimbia Pedro “Baba yako nani?” kwa sababu mwezi uliopita yeye mwenyewe alisema Yankees ni baba zake. Mwenzangu anampenda Pedro, ni mtu wa kwao, lakini aliimba. Ya tatu, 19 kwa 8. Tatu bila, na hakuna timu ya ligi ile iliyowahi kurudi kutoka huko. Nilianza kufikiria Krismasi kazini.

Ila katika mechi ile ya aibu kuna kitu nilikiona kwa sababu tu ya daftari. Wakefield ndiye aliyetakiwa kuanza mechi ya nne. Arroyo alipotolewa mapema na wa akiba wakaanza kuisha, Wakefield aliingia kurusha mechi iliyokwishapotea, ili wenzake wapumzike. Akaipoteza zamu yake. Zamu ikaangukia kwa Lowe, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya kuanza. Watu wanakumbuka Dave Roberts wa Boston alivyoiba beisi katika mechi hiyo ya nne, akikimbilia kituo cha mbele kabla mpira wa Rivera haujapigwa, na David Ortiz alivyopiga pigo la ushindi katika raundi ya 12 siku ile na tena katika ya 14 siku iliyofuata, na wana haki. Aliyeshinda ile ya raundi 14 alikuwa Wakefield, akitokea akiba. Mechi ya sita Schilling alirusha raundi saba na kufungwa moja tu, kifundo kimeshonwa, soksi ina damu. Ya saba alianza Lowe, amepumzika siku mbili, akatoa raundi sita na kuruhusu pigo moja. Upande wa pili Brown hakumaliza raundi ya pili, akaingia Vazquez na mpira wake wa kwanza Johnny Damon wa Boston akaupeleka kwenye viti beisi zote zikiwa zimejaa. 10 kwa 3. Wiki iliyofuata, kwenye fainali, Boston waliwamaliza St. Louis nne bila, ubingwa wa kwanza tangu 1918, na mechi ya mwisho aliishinda Lowe.

Nisidanganye: karatasi yangu haikuyatabiri hayo. Rivera angemzuia Roberts asikimbie, tungekuwa na hadithi nyingine na hesabu zilezile. Mwenzangu alilisema hilo kwa ukali, kisha akafanya zamu ya Krismasi bila kukumbushwa.

Januari alikuja na gazeti kwapani. Pedro alikuwa ameshakwenda Mets, timu nyingine ya New York, Lowe naye anahamia Los Angeles. Yankees walikuwa wamemchukua Randy Johnson kutoka Arizona. Aliingia chumba cha mwisho bila kubisha, akaliweka gazeti kitandani kwa mzee, na kabla hajaulizwa akasema:

“Thelathini na tano. Mwaka jana ameanza mara 35. Nimeshahesabu.”

Mzee akaniambia nilete daftari.