Nyumba Ilimomwagika Damu

Tafakari ya juma
Masomo: 1 Wafalme 21:1–19, Walawi 14:33–53, 1 Wakorintho 10:25–29

Wapendwa katika Bwana, swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu ameona nyumba nzuri, bei iko chini ya zile za jirani zake, kisha dalali au jirani anamnong'oneza kwamba humo ndani mtu aliuawa. Anakwenda kwa mzee wa kanisa: je, niinunue? Ukimsikiliza vizuri, anachotaka kujua hasa ni kama kuna kitu kimebaki mle ndani.

Basi tulijibu hilo kwanza. Mungu alimwambia Kaini kwamba sauti ya damu ya ndugu yake inamlilia Yeye kutoka katika ardhi (Mwanzo 4:10). Damu inamlilia Hakimu, na inamlalamikia muuaji. Haimvizii mpangaji anayefuata. Torati ilipoeleza la kufanya maiti ya mtu aliyeuawa ikionekana kondeni na muuaji hajulikani (Kumbukumbu 21:1–9), wazee walipima umbali hadi kwenye miji iliyo karibu, na mji ulio karibu zaidi ukachukua wajibu: mtamba kuvunjwa shingo katika bonde lenye maji yatiririkayo, mikono kunawa, na dua ya kutohesabiwa hatia. Hakuna aliyeamriwa kuhama. Kwa hiyo tunasema bila kuyumba: anayeingia katika nyumba hiyo kwa mikono safi haingii chini ya hatia ya mtu mwingine.

Lakini liko shamba moja katika Maandiko ambalo halikupaswa kuchukuliwa kabisa. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wake, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe nje ya mji. Ukiangalia makaratasi tu, hakuna kilichokosekana: barua ipo, muhuri upo, mashahidi wapo, hukumu ipo. Ahabu akashuka kulimiliki shamba, na Eliya akamkuta mle mle, akamwuliza kama ameua na kumiliki pia.

Hapo ndipo tunapotaka mtu asimame muda mrefu kuliko katika chumba cha mauaji. Kabla ya kuuliza ni nini kimebaki, uliza ni nani anayeuza, na ameipataje.

Mauaji ya nyumbani mara nyingi hufanywa na mtu wa nyumbani, na mara nyingi aliyeuawa ndiye aliyekuwa mmiliki, au mmoja wa wamiliki wawili. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu, hakuna ndugu, hata awe mkubwa kiasi gani, anayeweza kukuuzia kwa neno lake tu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kisheria, na barua yake ya uteuzi unaiona kwa macho yako, kisha wakili wako anaihakiki mahakamani ilikotoka. Sheria za nchi nyingi zinamzuia muuaji kumrithi aliyemuua. Sasa fikiria mume na mke waliomiliki kwa pamoja, mmoja akamuua mwenzake, na kesi haijakwisha. Anaweza kuonekana kwenye hati kama mmiliki aliyebaki, kumbe haki yake juu ya ile sehemu nyingine ndiyo inayobishaniwa. Ukinunua hapo, umenunua kesi. Wakili aende masijala ya ardhi kutafuta zuio lililoandikishwa, rehani ya benki, na madai ya warithi. Aulize pia polisi au ofisi ya mashtaka kama jengo limeachiliwa rasmi, kwa sababu nyumba ambayo bado ni kielelezo cha kesi haiguswi, haipakwi rangi, wala haivunjwi hata tofali. Arabuni isitoke mkononi mwako kabla ya majibu hayo.

Na kuna watoto. Marehemu akiacha watoto wadogo, sehemu yao ya urithi kwa kawaida haiuzwi bila mlezi wa kisheria, na mahali pengi bila kibali cha mahakama. Mnunuzi mwamini asikiruke kipengele hiki kwa kuwa tu muuzaji ana haraka. Muuzaji mwenye haraka kuliko warithi ni dalili ya kutosha ya kurudi nyuma.

Bei nayo ina dhambi yake. Punguzo si kosa. Nyumba yenye historia hiyo hupata wanunuzi wachache, na mthamini wa benki anaweza kuikadiria chini, nawe ukalazimika kuongeza fedha taslimu kwa sababu mkopo umepungua. Lakini kumkamua mjane au yatima kwa sababu hana nguvu ya kulisubiri soko, hilo Mungu amelisemea wazi (Kutoka 22:22–24). Tunamkumbuka Daudi kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Watu 70,000 walikuwa wamekufa kwa tauni, na malaika alisimama pale pale. Arauna akataka kuutoa bure. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha kwa uwanja na ng'ombe (2 Samweli 24:24). Juu ya eneo hilo Sulemani alijenga hekalu. Pata mthamini anayejitegemea, mwambie historia yote, na toa ofa yako juu ya namba yake. Usiitoe juu ya hofu ya muuzaji.

Sasa maswali kwa muuzaji. Yaandike, na majibu yaje kwa maandishi yenye sahihi. Tunasisitiza kwa sababu sheria zinatofautiana sana. Katika jimbo la California, muuzaji hutakiwa kueleza kifo kilichotokea ndani ya nyumba katika miaka 3 kabla ya ofa ya mnunuzi, na hata kikiwa cha zamani zaidi haruhusiwi kudanganya akiulizwa waziwazi. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya huko ilimruhusu mnunuzi kushtaki kwa kufichwa kwamba mwanamke na watoto wake 4 waliuawa mle miaka 10 nyuma. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ikaamua kinyume: mauaji si kasoro ya jengo, muuzaji hakulazimika kuyataja. Japani ilitoa mwongozo mwaka 2021, na kwa nyumba za kupanga kipindi cha kutaja kifo cha namna hiyo ni takriban miaka 3. Kwa ufupi, mahali pengi kunyamaza kunaruhusiwa, ila kudanganya ukiulizwa kuna gharama. Basi uliza: nani alikufa, lini, chumba gani, mwili ulikaa siku ngapi kabla ya kuonekana, nani alisafisha, kitu gani kiling'olewa na kipi kilipakwa rangi tu?

Hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko watu wanavyodhani, na ndipo Walawi 14 inapotufaa. Sura ile haizungumzii mauaji. Inazungumzia pigo katika kuta za nyumba. Lakini tazama mpangilio wake. Mwenye nyumba anatoa taarifa. Vyombo vinatolewa kabla kuhani hajaingia. Nyumba inafungwa siku 7. Pigo likienea, mawe yenye pigo yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta za ndani zinakwanguliwa pande zote, yanawekwa mawe mengine na chokaa nyingine. Ndege, mwerezi, sufu nyekundu, hisopo na kunyunyiza mara 7 vinakuja mwishoni, baada ya fundi kumaliza. Likirudi tena baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa. Wako wanaomwaga mafuta ya upako juu ya zulia ambalo lingepaswa kung'olewa. Harufu inarudi siku ya joto, nao wanasema ni pepo.

Damu haikai juu. Hupenya zulia, ikaenea kwenye sponji iliyo chini yake na mbao za sakafu, na doa la chini huwa pana kuliko lile linaloonekana. Zulia, sponji, godoro, ubao wa jasi na mbao laini zilizolowa hazisafishiki. Zinakatwa kupita ukingo wa doa mpaka sehemu safi, na kubadilishwa. Saruji nayo hunyonya, na maungio ya vigae vilevile. Uso mgumu huoshwa kwanza kwa maji baridi na sabuni, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu na dawa ya klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Kisha ndipo klorini ya nyumbani, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, iache uso umelowa dakika 10. Usiichanganye na amonia au asidi: mvuke wake unaweza kuua. Kama tukio ni la karibuni, vaa glavu na barakoa au, bora zaidi, lipa wenye kazi hiyo. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Rangi ya maji iliyopakwa juu ya doa la majimaji ya mwili hailizuii. Doa hujitokeza tena baada ya wiki kadhaa. Inatakiwa kwanza rangi ya chini ya kuziba madoa.

Polisi nao huacha alama zao. Unga mweusi wa alama za vidole ukipanguswa kwa kitambaa chenye maji hugeuka tope na kuingia kwenye vinyweleo vya rangi. Unyonywe kwa mashine kwanza, halafu sabuni. Risasi ikiwa iliingia ukutani, tundu lililozibwa linaweza kuficha waya uliochubuka au bomba lililotoboka, kwa hiyo fundi umeme apime kama umeme unavuja kwenye ukuta ule. Badilisha vitasa vyote. Hujui nani ana funguo: ndugu, mpelelezi, au mtu aliye gerezani.

Nyumba ikishapona, bado kuna nyumba yako, yaani watu. Paulo anasema vya sokoni vinaliwa bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri, lakini mtu akikuambia kimetolewa sadaka kwa sanamu, basi usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Hivyo wewe waweza kuwa na uhuru kamili na bado ukawa na sababu ya kuacha. Mke akisema hawezi, imetosha, hata kama umesoma tafakari hii na kukubaliana na kila mstari. Jaribio letu ni la kawaida: kila mtu mzima atakayeishi mle akae peke yake katika chumba kile kwa saa nzima, mlango umefungwa, simu imezimwa, mara moja mchana na mara moja usiku. Kisha ajibu swali hili: siku mwenzako akisafiri, utalala hapa? Anayesema “nitazoea” hajasema ndiyo.

Watoto waambiwe kabla ya kuhamia, kwa sentensi moja inayolingana na umri wao, na wazazi. Usipowaambia wewe, watoto wenzao wataifanya kazi hiyo ndani ya wiki ya kwanza, na wataongeza chumvi.

Majirani hawatasahau, jipange hivyo. Makuhani wakuu walikataa kuziweka fedha za Yuda katika hazina kwa kuwa ni kima cha damu, wakanunua konde la mfinyanzi, na konde likaitwa konde la damu (Mathayo 27:6–8). Inauma kuona watu waliochagua sarafu kwa uangalifu mkubwa hivyo baada ya kuzilipa wao wenyewe. Ila jina lilibaki. Mauaji yakiwa yamevuma kwenye magazeti, watakuja watu kupiga picha getini. Huko Gloucester, Uingereza, nyumba namba 25 ya Cromwell Street, ambamo watu kadhaa waliuawa, ilibomolewa mwaka 1996 na matofali yake yakasagwa ili yasichukuliwe kuwa kumbukumbu. Nyumba iliyofikia umaarufu huo tunashauri iachwe. Na hata ile isiyovuma, ulichopunguziwa utampunguzia atakayenunua kwako, basi inunue kama unakusudia kukaa, si kama unakusudia kuiuza baada ya miaka miwili.

Ukiinunua, hati zifuate mfano wa Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha: mashahidi, fedha kupimwa mbele yao, nakala moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, zote zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu (Yeremia 32:9–14). Majibu ya maandishi ya muuzaji yakae pamoja na hati hiyo.

Jioni ya kwanza msifanye mkesha wa kufukuza. Someni Zaburi ya 4, mtajeni aliyekufa kwa jina lake, waombeeni ndugu zake, na mwombeeni aliyemuua, hata ikiwa sauti itagoma. Kisha mle, mlale. Asiwepo mtu wa kulipwa kwa maombi hayo.

Na mkubaliane mapema kuhusu jambo hili: huenda tarehe ya tukio ikifika, mama au ndugu wa marehemu akasimama getini bila kubisha hodi. Mfungulie. Mwulize kama angependa kuingia, na akikubali, usimweleze mlivyokarabati. Mwekee kiti, mpe maji ya kunywa, na mwachie chumba kwa muda atakaoutaka.