Nguruzi ya pikipiki

Mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi Mjini Unguja na kulala kwetu Makunduchi, kusini mwa kisiwa, zaidi ya kilomita 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Pikipiki yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama kisiwani. Ilikuwa ya silinda moja, cc 650, inayopozwa kwa maji. Pikipiki nyingi za Unguja hupozwa na upepo tu, mapezi ya silinda yanatosha. Ile yangu ilikuwa na rejeta, feni, mipira na pampu ya maji kama gari, na mafundi niliowajua Mwanakwerekwe walikuwa hawajawahi kuifungua ya namna ile.

Mwezi wa Juni maji yalianza kupungua kwenye kopo la akiba. Hayakupungua kwa kishindo, upana wa kidole kwa wiki hivi. Chini nilikuwa sioni kitu. Nikisimama baada ya safari nasikia harufu tamu, kama sharubati iliyomwagika juu ya jiko, kisha inapotea. Siku moja nikiyapita polepole matuta ya barabarani kwenye msitu wa Jozani, yale yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, taa ya joto ikawaka. Nikajikokota mpaka Kitogani, nikazima, nikangoja chini ya mwembe.

Nyumbani nikachota maji ya kisima nikajazia. Anayeijua Makunduchi anajua visima vyetu: maji yamo ndani ya jiwe la matumbawe, na ukiyaonja unaipata chumvi. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu.

Fundi wa kwanza aliyeitazama, huko Mjini, alikaza klempu zote na kubadilisha kofia ya rejeta. Maji yakaendelea kupungua. Nilipomrudia akaniambia ni joto tu, maji hukauka. Sikukubali. Mfumo ule umefungwa. Maji yakipata moto hutanuka, yanayozidi huingia kwenye kopo, na injini ikipoa hufyonzwa yakarudi. Yakipungua wiki baada ya wiki, yana pa kutokea.

Kilichomwingiza baba katika jambo hili ni paka. Usiku mmoja alikuwa amekaa barazani, akamwona paka wa nyumbani analamba sakafu nyuma ya pikipiki, karibu na gurudumu. Aliponiita nikakuta tone la kijani. Nikamfukuza yule paka kwa kelele mpaka baba akashangaa. Ikabidi nimweleze: kulanti, ile dawa ya kijani inayochanganywa na maji ya rejeta, ni tamu, wanyama huipenda, na kiasi kidogo tu huharibu figo za paka mpaka akafa. Baba akalitazama lile tone muda mrefu.

"Sasa hii inavuja huku nyuma?"

"Huku nyuma hakuna maji, baba. Maji yote yako mbele."

Baba alikuwa fundi wa kalafati. Miaka arobaini aligonga pamba iliyoroweshwa mafuta kwenye mishono ya mbao za majahazi na mashua, na miguu ilipomchosha akaacha. Hakuwahi kushika spana. Lakini kazi yake yote ilikuwa kutafuta maji yanapopita, na nilishangaa mimi mwenyewe kwamba wiki zote zile sikufikiria kumuuliza.

"Chombo kikivuja, maji unayakuta ngamani," akasema, yaani chini kabisa ndani ya chombo. "Ya ngamani hayakwambii yaliingilia wapi. Ngama ya hiki chombo chako iko wapi?"

Nikainama. Chini ya injini palikuwa na bamba la chuma la kuikinga na mawe, na nyuma ya bamba kitundu cha kutolea matope. Kila kilichodondoka popote juu yake kilikuwa kinatiririka humo mpaka nyuma, kingine kikikaushwa na joto njiani. Mimi na fundi wa Mjini tulikuwa tumeitazama injini juu, kushoto na kulia. Hakuna aliyefungua bamba.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tukalifungua. Bolti nne. Ndani palikuwa na tope lililoganda, na juu ya tope ukoko mweupe wenye ukijani. Tukaiosha injini kwa sabuni na maji ya mvua kutoka kwenye tangi la mama, tukaifuta, tukaiacha jua liimalizie. Kisha nikaomba poda ya mtoto wa dada yangu, nikaipaka kwa brashi kila mahali: chini ya mipira, kwenye viungo, kuzunguka rejeta, chini ya hedi, kwenye kifuniko cha pampu. Injini ikawa nyeupe kama imepigwa chokaa.

Nikaiwasha. Tukangoja mpaka feni ikajiwasha, ikazima, ikawaka tena. Nilikagua kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Mipira mikavu. Rejeta kavu. Kwenye hedi hakuna kitu, na moshi wa ekzosi ulikuwa wa kawaida, hauna weupe wala utamu. Nilianza kukata tamaa. Baba akasema zima, tukae.

Huo ndio wakati ambao nisingeungoja peke yangu. Injini ikizimwa maji husimama, lakini msukumo ndani bado upo, na chuma kinaanza kupoa kisiwe tena na moto wa kukausha tone kabla halijaonekana. Tulikaa kimya kama dakika kumi. Upande wa kulia, chini kabisa ya pampu, poda ikafanya doa dogo kama punje ya ufuta. Doa likakua. Likateremka likachora uzi. Nikalala chali uwanjani na kioo, nikaona kitundu, upana wa punje ya mtama, na tone linajikusanya mdomoni mwake.

Nilipiga simu kwa fundi mwingine. Akanambia nizibe kwa gundi ya chuma, nisipoteze pesa. Gundi nilikuwa nayo, na nilikwisha kuanza kuichanganya kwenye kifuniko cha kopo pale baba aliponishika mkono.

"Hebu ngoja. Ufa hauwi mviringo. Hili limepigwa keekee, tazama kingo zake. Aliyelitoboa alilitaka. Hii nguruzi."

Nguruzi ni tundu la chini ya chombo, ambalo huzibuliwa kikiwa pwani ili maji ya ndani yatoke. Niliiweka gundi chini. Jioni ile nikakisoma kitabu cha matengenezo cha pikipiki, ukurasa kwa ukurasa, na baba alikuwa amesema kweli kasoro kizibo tu, maana hii huachwa wazi daima. Shafti ya pampu ina sili mbili: moja inazuia maji, ya pili inazuia oili, na kitundu kiko katikati yao. Sili ya maji ikichakaa, maji hutokea hapo ukayaona. Ikichakaa ya oili, utaiona oili. Ukikiziba, maji yatakosa pa kwenda, yataisukuma sili ya pili na kuingia kwenye oili, na oili itageuka kama chai ya maziwa. Injini huuawa hivyo. Ilibaki dakika chache tu niiue yangu.

Tulipomwaga oili ili kufungua ubavu wa kulia, nilishika tochi kwa mikono miwili. Ikatoka nyeusi, safi, haina hata wingu la maji. Sijui kama nimewahi kufurahia oili chafu namna ile.

Ndani ya pampu nikakutana na kisima chetu. Magamba meupe yameshika kwenye pangaboi, aluminiamu imeliwa vishimo vishimo, na uso wa sili uliotakiwa kuwa laini kama kioo umechorwa mikwaruzo. Ule uvujaji ulianza kabla ya maji ya kisima, hilo nalijua, lakini wiki tatu za chumvi na chokaa ziliukuza, na mkono uliojaza ulikuwa wangu.

Sili mbili, oringi na gasketi zilitoka Dar kwa boti, baada ya siku kumi na moja za mimi kupanda daladala ya Makunduchi alfajiri na kurudi usiku. Sili ya maji lazima iingie wima. Ikiinama kidogo tu, kazi yote imeharibika. Nilitafuta soketi yenye upana wake na nyundo ya mpira. Baba akaikataa nyundo yangu, akaenda ndani akarudi na ile yake ya mbao. Aligonga taratibu akizunguka, kidogo huku, kidogo huku, akisikiliza mlio, na mlio ulipobadilika akaacha. Imefika, akasema. Nikaipima, ilikuwa imefika.

Nikaisafisha rejeta kwa maji ya mvua mara tatu. Safari hii nikajaza kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu, nikatoa hewa, nikapaka poda upya pale kwenye kitundu. Kesho yake nikaenda Mjini na kurudi, nikayapita matuta ya Jozani makusudi polepole. Taa haikuwaka.

Usiku nikatandika katoni jeupe chini ya injini, bamba likiwa bado nje. Alfajiri nikatoka na tochi. Poda ilikuwa kama nilivyoipaka, na katoni lilikuwa kavu. Paka alikuwa amejikunja katikati yake, amelala. Sikumfukuza.