Laki Moja kwa Kalamu ya Duka la Ushirika

Miwani ndiyo iliyoniponza. Ningekuwa nayo usoni Jumamosi ile, nisingekuwa na cha kusimulia; ningerudi kwangu Columbus, Ohio, na kalamu yangu ya Parker 51 mfukoni, basi. Lakini miwani ilibaki chini ya kiti cha basi, nami nikashuka Washington saa moja asubuhi na begi, sweta na macho ya mtu wa miaka hamsini na tisa.

Basi lenyewe silitaji jina. Nauli dola 81, kwenda tu, kwa usiku mzima wa kukaa wima kama mgeni rasmi. Tangazo lilisema kila kiti kina pa kuchajia simu. Pa kuchajia palikuwepo kweli. Umeme ndio haukuwepo. Kiyoyozi nacho kilikuwa cha kuhifadhia samaki. Nilivaa sweta, nikajifunga taulo shingoni, nikavua miwani ili niegemee dirisha, na hapo ndipo tulipoagana. Asubuhi nilipiga simu ofisini kwao, sauti ya mashine ikanielekeza nijaze fomu kwenye mtandao. Herufi za fomu zilikuwa kama sisimizi wanaohama. Nikaachana nayo.

Mke wangu alikuwa ameniuliza mapema kama mtu mwenye akili zake husafiri usiku kucha kufuata kalamu. Tena kalamu za zamani zina maonyesho yake hata kwetu Columbus, kila Novemba. Lakini Novemba iliyopita nilikuwa zamu, na Novemba iliyoitangulia pia. Haya ya Agosti, upande wa Virginia, wapenzi wa kalamu huyasema kama watu wa Tanga wanavyosema Maulidi, na safari hii likizo iliangukia penyewe.

Sababu halisi ni baba. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje ya Muheza, enzi za Wagiriki, kabla mashamba hayajataifishwa mwaka 1967. Meneja wake alikuwa na kalamu moja ambayo baba aliisimulia mpaka uzeeni. Siku ya mshahara Mgiriki aliitoa mfukoni, akavuta kifuniko bila kukizungusha, akatia sahihi, kisha akapitisha kidole juu ya wino kuwaonyesha makarani kwamba haukuchafuka. Nibu yake ilikuwa imefichwa, inachungulia tu kama kobe. Baba aliiga hata namna ya kuirudisha mfukoni. Miaka mingi baadaye, nikiwa Marekani, niliona picha nikajua: Parker 51.

Hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1941. Namba 51 ni ya umri wa kampuni, waliokuwa wametimiza miaka 51 mwaka 1939 kalamu ikiwa bado inapikwa. Wino waliouunda ulikuwa wa kukauka upesi, lakini mkali kiasi cha kula seluloidi iliyotumika kwenye kalamu za wakati huo, kwa hiyo mwili wakautengeneza kwa plastiki nyingine, lusaiti. Ndiyo maana hadi leo ukiikuta moja imetupwa kwenye droo ya marehemu, ukiifuta kwa kitambaa inang'aa kama ya jana. Mgiriki hakuwa mchawi. Ulikuwa ni wino tu.

Kutoka stesheni kuu nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi ng'ambo ya mto Potomac, kisha teksi, dola 17 kwa mwendo ambao Muheza ningeutembea huku napiga mluzi. Hoteli ilikuwa ya kuta za vioo. Maji ya chupa dola 5. Nilikunywa ya bombani, chooni, kwa kukinga mikono.

Ukumbini nilisimama mlangoni kama mtoto aliyepelekwa sabasaba. Meza, meza, meza, na juu yake kalamu zimelala kwenye trei za mahameli kama dagaa juani. Nilizijua kwa maumbo tu, maana maandishi yalikuwa ukungu. Zile nyekundu kubwa zenye ncha nyeusi, Duofold za miaka ya 1920, bei 300 na kuendelea. Sheaffer zenye kidoti cheupe. Zile za Sheaffer ziitwazo Snorkel, za mwaka 1952, ukizungusha mkia kinatoka kimrija chini ya nibu kunyonya wino kama mbu, usichafue vidole. Nilitaka kucheka kwa sauti. Mtu alikaa akaufikiria huo mrija, akauchora, na wengine wakaacha shughuli zao wakaujengea mashine.

Karibu kila mtu alikuwa na lenzi ndogo imening'inia shingoni. Wakiishika kalamu, huiinua, hufumba jicho moja, huguna. Kwenye meza ya pembeni lenzi hizo ziliuzwa dola 12. Niliishika moja, nikaitazama, nikairudisha. Dola 12 kwa kioo? Nimekuja kununua kalamu. Sentensi hiyo naikumbuka kwa sababu niliisema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikijisifu.

51 nzuri zilikuwepo, si haba. Nyeusi yenye kifuniko cha chuma, dola 110. Ya kijani kibichi, 135. Yenye kifuniko cha dhahabu sikuuliza. Mfukoni nilikuwa na 200 za kila kitu, pamoja na chakula na kitanda cha usiku ule. Nilizunguka saa tatu nikiuliza bei na kutikisa kichwa, hadi nikafika meza ya mzee mmoja mwenye kofia ya wavuvi, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Hakuwa na mahameli. Alikuwa na kisanduku cha viatu kimejaa kalamu shaghalabaghala, na kadibodi yenye namba kubwa ambayo hata mimi niliiona: 45.

Nikatia mkono. Biki za zamani, vifuniko visivyo na wenyewe, kalamu zilizopasuka. Kisha vidole vikagusa kitu laini, chembamba mwishoni. Nikakitoa. Rangi ya damu ya mzee. Klipu ya mshale. Kifuniko cha chuma. Nikavuta, kikatoka bila kuzungushwa. Nibu inachungulia kama kobe.

Moyo ulinipiga hadi nikaona aibu. Nilimtazama yule mzee: anakula karanga. Nikawaza, huyu hajui alichonacho. Na kilichofuata hakinipi sifa. Niliichanganya ile kalamu na nyingine mbili mbovu, nikajifanya nazipima zote, nikapiga miayo, nikauliza ya rangi ya damu ya mzee atanipunguzia kiasi gani kwa kuwa maandishi ya ubavuni yamefutika. Nilikuwa nimesoma kwamba maandishi ya 51 huchongwa juujuu na hulika kwa mikono, kwa hiyo kutokuwepo kwake kulinitia moyo badala ya kunitia shaka. Mzee akasema arobaini. Nikampa haraka, karibu nimwombe radhi. Sikufungua mwili kutazama ndani. Nilihisi kwamba nikiifungua mbele yake ataona na yeye, aniambie basi irudishe.

Nilitembea hadi upande wa pili wa ukumbi kwa mwendo wa mwizi wa kuku. Huko kulikuwa na fundi, mama wa makamo mwenye aproni na taa ya mezani, na foleni ya watu wanne. Nilisubiri saa nzima. Zamu yangu ilipofika niliiweka mbele yake kwa mikono miwili na kumwambia nina 51, naomba aisafishe. Akaitazama sekunde chache. Hakuinua hata lenzi.

"Bwana," akasema kwa upole, "ulilipa kama 51?"

Aliinamisha kifuniko kwenye taa na kunionyesha ukingoni. Nilichodhani ni mikwaruzo zilikuwa herufi mbili za Kichina. Kisha akafungua kichwa cha kalamu na kuitoa nibu: kipande kidogo cha chuma, kama ukucha wa mtoto. Akaniletea ya 51 kutoka kwenye droo yake nilinganishe. Hiyo ilikuwa ya dhahabu, imekunjwa kuwa kama bomba. Hata bila miwani niliona.

"Ni Hero," akasema. "Kutoka Shanghai. Kalamu nzuri tu."

"Mama yangu mzazi," nikasema kwa Kiswahili. "Nimejipiga mwenyewe."

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akaangua kicheko.

"Pole kakangu. Umeliwa pesa ngapi?"

Nikageuka. Mwanamke wa rika langu, kofia ya kitenge, lenzi shingoni.

"Arobaini."

"Dola?"

"Dola."

"Woi! Na hii si Hero ile ya shule? Kule kwetu Voi tulikuwa tunanunua kwa Mhindi!"

Hapo ndipo iliponiingia. Si Voi tu. Kwetu nilipofika darasa la nne zilikuwa kwenye duka la ushirika, kwenye kikopo juu ya kaunta, kati ya betri na nyembe. Miaka ile Wachina walikuwa wamejenga reli ya Tazara, na sehemu ya gharama za hapa nyumbani ililipwa kwa kuuza bidhaa zao madukani mwetu, ndiyo maana utoto wetu ulijaa vitu vyao: tochi, chupa za chai zenye maua, baiskeli. Baba mwenyewe aliandika na Hero hadi alipostaafu. Tena huko Shanghai, mwishoni mwa miaka ya 1950, kiwanda hicho kilipania waziwazi kuifikia Parker, na aliyekuwa akifukuzwa ni huyo huyo 51. Kwa hiyo baba alitamani kalamu ya Mgiriki huku mkononi ameshika pacha wake, na hakuna aliyemwambia.

Dada wa Voi akanishauri nirudi kwa mzee nidai changu. Nikarudi, yeye nyuma yangu kama shahidi wa ndoa. Mzee wa karanga hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: alitamka Parker saa ngapi? Dada akamsomea kadibodi kwa lenzi yake. Chini ya ile 45 kulikuwa na maandishi madogo: mchanganyiko, jinsi zilivyo, hazirudishwi.

"Kakangu," akasema Kiswahili, "huyu hana kosa."

Tulikaa kwenye zulia la korido kwa sababu viti vya mgahawa vilikuwa vya wanaonunua, na mkate wenye kuku uliuzwa dola 18. Yeye alikuwa na chapati kwenye karatasi ya fedha, akanimegea. Ni nesi huko Maryland, kalamu anakusanya tangu watoto wahame nyumbani. Fundi alikuwa ameisafisha Hero yangu bure, nadhani kwa huruma. Dada akatoa kichupa cha wino wa bluu nyeusi, akanikabidhi daftari. Nikabonyeza kile kibamba cha ndani, wino ukapanda ukigugumia, nikafuta ncha kwa nywele zangu kama tulivyokuwa tukifanya darasani.

Watu humu ukumbini wakijaribu kalamu huandika majina yao, au duara duara. Mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda kona ya juu kulia, ukaandika jina la shule, chini yake S.L.P., chini yake Muheza, kisha tarehe. Ukaruka mstari. Kwa baba mpendwa. Madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali. Mimi huku ni mzima wa afya.

"Hofu ni kwako wewe," akasema dada, akichungulia begani.

"Uliye mbali na upeo wa macho yangu," nikamalizia.

Akarudi kutafuna chapati yake. Nibu ilikuwa inakwaruza kidogo kwenye mistari ya kupanda, upande wa kushoto, kama zote za kikopo kile zilivyokwaruza. Niliandika ukurasa mzima. Sikumbuki niliandika nini baada ya salamu.

Jumapili haina habari. Nililala kwenye nyumba ya wageni ya dola 89 yenye godoro la mabonde, nikaondoka na basi la mchana. Miwani haikupatikana. Na mahali fulani kwenye milima ya Pennsylvania nikahisi ubaridi kifuani, nikatazama: mfuko wa shati umekuwa wa bluu, doa la ukubwa wa sahani ya chai. Nilikuwa nimeiweka kichwa chini. Mwalimu wetu wa darasa la nne angenichapa viwili.

Nilimtumia picha kaka yangu aliyeko Muheza: shati, doa, kalamu. Akajibu upesi, kwake ni usiku.

"Hero hiyo! Umeipata wapi?"

Nikamweleza maonyesho, Virginia, meza mamia. Akauliza bei. Arobaini ni laki moja na kitu za kwetu. Nikafikiri kidogo, nikaandika: dola tano.

Kimya cha dakika mbili, kisha ujumbe ukaingia.

"Umepigwa, mdogo wangu. Za baba ziko mbili hapa kabatini, mwaka wa kumi na tano huu, hamna anayezitaka."