Mja Kabla ya Mtume

Jioni ile tulibaki wawili tu kazini. Mwenzangu alikuwa ameshaimaliza tafsiri ya Qurani mara mbili, na nilihisi kwamba siku yoyote angeniambia yuko tayari kutoa shahada, yaani kushuhudia kwamba hapana wa kuabudiwa ila Allah na kwamba Muhammad ni mtume wake. Badala yake akaja na swali.

"Ndugu yangu, Mungu mmoja nimemkubali zamani. Hapana wa kuabudiwa ila Yeye, hilo halinipi wasiwasi. Lakini mkishasema hivyo, mbona papo hapo mnamtaja mwanadamu? Si ndiko kumshirikisha huko?"

Mimi ni Muislamu wa kuzaliwa. Nilimjibu upesi kwamba hiyo ndiyo nguzo ya kwanza, na kwamba bila hiyo swala, zaka, saumu na hija hazina pa kusimama. Nikamtajia hadithi aliyoipokea Umar bin Khattab, ya Jibril kumjia Mtume (s.a.w.) kwa sura ya mtu na kumuuliza Uislamu ni nini, na jibu likaanza na shahada hizo mbili. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Umenieleza kwamba ni lazima," akasema. "Mimi nimeuliza kwa nini."

Sikuwa na neno. Niliumia, na si kwa kushindwa hoja. Niliumia kwa kuwa nilikuwa nikilitamka jambo hilo tangu ulimi wangu ulipojua kutamka, na sikuwahi hata siku moja kusimama nikalitazama.

Usiku huo, baada ya Isha, nikamwendea shehe aliyenisomesha. Nilitarajia anifungulie kitabu. Akaniambia, "Soma tahiyatu."

Nikayasoma maneno hayo tunayoyasema tukiwa tumekaa ndani ya swala. Nilipofika *wa ash-hadu anna Muhammadan abduhu wa rasuluhu*, akaniinulia mkono.

"Abduhu ni nini, mwanangu?"

"Mja wake."

"Na rasuluhu?"

"Mtume wake."

"Lipi limetangulia?"

Nikainamisha kichwa. Katika swala tano za faradhi tunakaa tahiyatu mara 9 kwa siku: moja ya Alfajiri, na mbili mbili katika kila swala iliyobaki. Mara 9 kila siku, miaka yote hiyo, nilikuwa na jibu la mwenzangu mdomoni. Tunamshuhudia kwanza kuwa ni mja, ndipo tunamshuhudia kuwa ni mtume. Anayeitamka shahada kwa kuijua hawezi kumweka Muhammad kando ya Mungu, maana shahada yenyewe imemweka mahali pake.

Shehe hakuniacha niondoke na hilo tu. Alinikumbusha siku Mtume alipofariki, mwaka 632, watu wamechanganyikiwa, Umar mwenyewe hataki kusikia kwamba amekufa. Abu Bakr, sahaba wake wa karibu, akasimama akawaambia kuwa aliyekuwa akimuabudu Muhammad, basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimuabudu Allah, Allah yu hai, hafi. Hapo nilimuona Abu Bakr kwa jicho jingine. Hakuna aliyempenda Mtume kuliko yeye, na ni yeye aliyeweza kuyasema maneno yale mwili ukiwa bado ndani haujazikwa.

Kisha akanirudisha Hudaybiya, karibu na Makka, mwaka 628, Mtume alipofanya mkataba na Makureshi, watu wa Makka waliompinga. Mkataba unaandikwa: "Haya ndiyo aliyokubaliana Muhammad, Mtume wa Allah." Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akakataa. Tungejua kuwa wewe ni Mtume wa Allah, akasema, tusingekuzuia na Nyumba ya Kaaba wala kukupiga vita. Andika jina lako na la baba yako. Ali, aliyekuwa akiandika, hakuweza kuyafuta maneno yale. Mtume akayafuta kwa mkono wake.

"Suhayl alielewa," shehe akasema. "Jina la Allah Makureshi walikuwa nalo, wakilitaja na kuliapia. Lililowashinda ni hilo la pili, kwa sababu ukikubali kwamba huyu ametumwa, huna tena nafasi ya kumuabudu Mungu unavyotaka wewe. Itakubidi ufuate."

Nililala kidogo sana usiku ule.

Asubuhi nilimweleza mwenzangu yote, hata kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeyajua jana. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Suhayl akanishika mkono na kuniomba nirudie maneno yake, nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu.

"Basi nisikilizishe," akasema.

Nikamtamkia neno baada ya neno, naye akanifuata. Ile ya kwanza ilimtoka bila kukwama. Katika ya pili sauti ilimkatika kwenye *Muhammadan*, akaanza upya, na mara hii akaifikisha *rasulullah* huku machozi yanamtoka. Yangu nayo yalikuwa yameshatangulia.

"Nianze na nini sasa?"

"Ukaoge. Kisha tuswali."

Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Ile tahiyatu," akasema, "nifundishe hiyo leo hii hii."