Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa afya ya jamii, Mufindi, mkoani Iringa

Saa 12 asubuhi. Ukungu haujainuka, na akina mama wameshaingia kwenye mashamba ya chai. Wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo hakuna anayenisubiri nyumbani.

Saa 2. Nyumba ya kwanza napokelewa na binti wa darasa la tatu, mdogo wake mgongoni. Leo ni siku ya shule. "Kamwene," namsalimia, ananiitikia kama mtu mzima. Nazungusha utepe wa kupimia lishe kwenye mkono wa kushoto wa mtoto: sentimita 12, njano. Ungeshuka chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, utapiamlo mkali. Sufuriani kuna uji mweupe, mwepesi, wa kumfikisha mpaka mama arudi.

Wageni hushangaa. Mkoa wa Iringa una mahindi, maziwa, viazi na parachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati Tanzania nzima ni asilimia 30. Mimi sishangai. Kuku wapo uani, ila mayai yanakwenda gengeni, yanarudi sabuni, chumvi na daftari. Bango langu linasema mpe mtoto yai. Sabuni inunuliwe na nini, bango halisemi.

Saa 5. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakohoa. Kuni zinawaka chumba hicho hicho wanacholala, maana baridi ya huku si mchezo. Namfunua kifua, nashika saa, nahesabu dakika nzima: pumzi 46. Kwa umri wake, kuanzia 40 unashuku nimonia. Naandika rufaa. Matibabu ya wadogo hawa ni bure, bodaboda si bure. Bibi anafungua fundo la kanga, anahesabu, haitoshi. Naongezea, ingawa mafunzoni tulikatazwa kuzoeza watu.

Saa 8. Ripoti. Ina safu ya uzito na ya urefu, ya nauli haina.

Saa 10 jioni. Kwa mwenyekiti, kupanga Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Anataka Jumatano, kama kawaida.

"Mzee, Jumatano tutawafundisha mabibi na wanafunzi watoro. Mama wa watoto wako shambani."

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Itakuwa Jumapili, baada ya ibada. Karanga za uji atatoa yeye, sufuria nitaazima kanisani.